Wanaomtafuta Mhadhiri Kijana wa Siasa na Waitazame Buhaya

Mwaka 1968 Göran Hydén, Mswidi aliyezaliwa mwaka 1938, aliwasilisha tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Lund na kuipa jina la Kiswahili: TANU Yajenga Nchi. Mambo aliyoyaandika hakuyaokota katika maktaba za Ulaya. Aliyafuata Buhaya, nchi ya Wahaya katika Mkoa wa Kagera wa leo, kwa wakulima wa kahawa na ndizi, akauliza chama kilichokuwa kimeleta uhuru miaka michache tu nyuma kilifikaje kijijini, nani alikipokea na nani alikitazama kwa mbali. Mwaka 1969 kazi hiyo ilitoka Nairobi ikiwa kitabu. Hydén alifundisha Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka 1980 alitoa Beyond Ujamaa in Tanzania, kitabu kilichozua ubishi mkubwa kwa hoja yake kwamba dola haikuwa imemtia mkononi mkulima mdogo. Baadaye akawa profesa Florida, Marekani, na mwaka 2006 akaandika kitabu kinacholinganisha siasa za nchi za Afrika kwa jumla.

Hakuzaliwa Kamachumu wala Kashozi. Hakuwa na ukoo Ihangiro. Alikuwa kijana mgeni aliyepewa muda wa kutosha kukaa na watu na kuwasikiliza, na jina lake likajengwa juu ya msingi huo.

Habari hiyo inastahili kukumbushwa sasa, kwa kuwa chuo kikuu kinapiga hodi Kagera. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi yake Itahwa, katika Kata ya Karabagaine, Wilaya ya Bukoba, kwa fedha za mradi wa HEET, mradi wa elimu ya juu ambao Benki ya Dunia iliukopesha dola milioni 425. Bukoba imewahi kuonja elimu ya chuo kikuu kupitia vyuo vya makanisa, kile kilichobeba jina la Askofu Josiah Kibira na kile cha Kardinali Laurean Rugambwa, lakini havikudumu. Safari hii wananchi wana haki ya kutumaini zaidi. Majengo yatasimama, bila shaka. Swali zito ni nani watakaosimama mbele ya madarasa, na jinsi watakavyopatikana. Makala hii inalitazama swali hilo kwa kuchukua somo moja, siasa linganishi, somo linalouliza kwa nini nchi mbili zilizofanana zilishika njia tofauti. Liwe limo katika mitaala ya kwanza ya Itahwa au litasubiri, mahali panapolifaa kuliko Kagera ni pachache.

Mkoa huu unapakana na Uganda, Rwanda na Burundi. Nchi zote nne zilikuwa na watawala wa jadi wenye ngoma na viti vyao. Rwanda ilimwondoa mwami wake mwaka 1961. Tanganyika ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, na Bakama wa Kiziba, Kianja, Ihangiro, Karagwe na kwingineko wakabaki raia kama raia wengine. Burundi ikafuata mwaka 1966. Uganda ilizifuta falme zake mwaka 1967, kisha mwaka 1993 ikazirudisha, na Kabaka akatawazwa upya. Kwa nini Buganda ilimrudisha Kabaka wakati Ihangiro, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo ni Wilaya ya Muleba, haikusikika ikimdai Omukama wake? Je, ni ardhi? Kule palikuwa na mailo, mashamba makubwa yenye hati tangu mapatano ya mwaka 1900. Huku palikuwa na nyarubanja, mashamba ya wakubwa yaliyolimwa na wapangaji, na sheria ya mwaka 1965 ikaanza kuwafungua wapangaji wake. Je, ni TANU na Kiswahili? Je, ni kahawa iliyompa mkulima mdogo fedha na sauti yake mwenyewe? Hilo ni swali la kumpa mwombaji wa kazi siku ya usaili. Atakayelijibu kwa ushahidi, hata kama jibu lake halitawaridhisha wote, ameonyesha kwamba somo lake analijua.

Tena sauti hiyo ya mkulima ni ya zamani. Klemens Kiiza na wenzake walianzisha Bukoba Bahaya Union mwaka 1924, miaka 30 kabla ya TANU. Mwaka 1937 wakulima walizigomea kanuni za ukulima wa kahawa zilizoletwa na serikali ya Mwingereza. Chama kikuu cha ushirika cha wenyeji, BNCU, kikazaliwa mwaka 1950. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, jimbo la Bukoba Mjini lilimpeleka bungeni Wilfred Lwakatare mara mbili kwa vyama viwili tofauti: mwaka 2000 kwa tiketi ya CUF na mwaka 2015 kwa tiketi ya CHADEMA. Katikati ya hapo kiti kilikuwa cha CCM. CUF ilikuwa na nguvu zake kubwa Pemba na mwambao. Ilipataje kiti mjini Bukoba, upande wa pili wa nchi? Kijana mmoja mwenye bidii angeweza kulifanyia kazi swali hilo miaka mitatu na kuandika kitabu cha kusomwa Accra na Delhi.

Sasa kijana huyo hupatikanaje? Katika vyuo vya umma, nafasi hutangazwa kwa utaratibu wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Anayetaka kuwa Mhadhiri Msaidizi huambiwa awe na GPA isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika shahada ya umahiri, kati ya alama 5. Hutuma maombi mtandaoni, akaitwa kwenye mtihani wa kuandika, kisha akasimama mbele ya jopo.

Wapo watakaosema utaratibu huu usiguswe, na hoja yao ni nzito. Namba haina mjomba. Mtoto wa mkulima wa Rubya mwenye 4.1 hupita mbele ya mtoto wa mkubwa mwenye 3.5, na hakuna simu ya kubadili hilo. Katika nchi ambako malalamiko ya kazi za kujuana hayajakwisha, kinga kama hiyo haitupwi. Ibaki. Lakini ibaki kuwa mlango wa kuingilia uwanjani. GPA inaeleza jinsi mtu alivyojibu maswali ya wengine. Haielezi kama ana swali lake mwenyewe, na mhadhiri asiye na swali lake atasoma maandishi yaleyale mbele ya darasa hadi atakapostaafu.

Jopo la usaili na lifanye jambo moja ambalo halihitaji sheria mpya: lisome. Kila mwombaji aliyefika hatua ya mwisho alete sura moja ya kazi aliyoiandika mwenyewe, na wajumbe waisome kabla ya siku ya usaili, kalamu mkononi. Kisha aulizwe juu ya hiyo: data hizi ulizipata kwa nani, kwa nini ulilinganisha wilaya hii na ile, nani alikukatalia kuzungumza na ulifanya nini. Vyuo vingi vya Ulaya na Marekani humtaka mwombaji atoe mhadhara juu ya utafiti wake mbele ya idara nzima, wanafunzi wakiwamo. Utaratibu huo hauna gharama kubwa na hauna ubaguzi. Saa moja ya maswali ya wazi huonyesha mengi ambayo cheti hakiwezi kuyaonyesha.

Afrika Mashariki ilijua zamani kuwaamini vijana. Walter Rodney alikuja kufundisha Dar es Salaam mwaka 1966 akiwa na miaka 24, uzamivu wake wa London ukiwa mbichi. Mwaka 1972, akiwa tena Mlimani, katika chuo kikuu hicho cha Dar es Salaam, alichapisha How Europe Underdeveloped Africa. Ali Mazrui wa Mombasa alianza kufundisha Makerere mwaka 1963 na miaka miwili baadaye alikuwa profesa. Mahmood Mamdani, aliyefukuzwa Uganda na Idi Amin pamoja na Waasia wengine, alipokewa Mlimani mwaka 1973, mwaka mmoja kabla ya kupata uzamivu wake Harvard. Tasnifu yake ndiyo iliyozaa kitabu chake maarufu cha mwaka 1976 juu ya siasa na matabaka Uganda. Waliowaajiri waliona kazi iliyokuwa ikichipuka, wakaipa nafasi.

Kuajiri ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni utafiti wenyewe. Anayetaka kujua siasa za kahawa Muleba huanza na barua ya utambulisho. Barua hupita mkoani, ikateremka wilayani, ikafika kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji, na kila meza ina mhuri wake. Akishavuka hapo, na aende chama cha msingi siku ya kupima kahawa. Magunia ya kahawa kavu ya maganda yamepangwa barazani. Karani ameinamia daftari. Mkulima mmoja anasogea kwenye mizani na kuisoma mwenyewe kabla ya karani kutamka kilo. Mwingine ameleta kidogo, kwa kuwa sehemu ya mazao yake aliiuza kwa butura, kahawa ikingali mtini, alipobanwa na ada ya shule. Pembeni wanataja bei ya upande wa Uganda kwa sauti ya chini. Humo mna dola, soko, ushirika na mpaka, vyote katika baraza moja. Mtafiti anayefika asubuhi na kuondoka mchana ataondoka na dodoso lililojazwa. Atakayerudi msimu baada ya msimu ataanza kuelewa kwa nini mkulima anaisoma mizani mwenyewe.

Hayo yanahitaji muda, na muda ndio unaokosekana. Mhadhiri Msaidizi mpya hukabidhiwa madarasa makubwa, mamia ya karatasi za kusahihisha, usimamizi wa mitihani na kazi za kamati, huku akitakiwa kumaliza uzamivu. Mkulima wa Kagera anajua kwamba shina la mgomba huachiwa vizazi vitatu kwa mpango: mama, binti na mjukuu. Idara nazo ziwe hivyo. Profesa anayekaribia miaka 65 asiondoke kabla hajamshika mkono mhadhiri, na mhadhiri asisahau mkufunzi msaidizi aliye nyuma yake. Miaka miwili ya kwanza mwajiriwa mpya apunguziwe vipindi, apewe nauli ya utafiti hata kama ni ndogo, na awe na mkubwa mmoja anayewajibika kusoma rasimu zake.

Apewe na uhuru. Anayelinganisha siasa atauliza juu ya uchaguzi, vyama na matumizi ya madaraka, na majibu hayatampendeza kila mwenye cheo. Wanataaluma wa Tanzania waliliona hilo mwaka 1990 walipotoa Azimio la Dar es Salaam juu ya uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Mwana wa Kagera, Profesa Mwesiga Baregu, aliyefariki mwaka 2021, alifundisha sayansi ya siasa Mlimani na baadaye Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino Mwanza. Hakuficha kwamba alikuwa CHADEMA, na bado alikaa katika tume ya Jaji Joseph Warioba iliyoandaa rasimu ya katiba mpya. Profesa Rwekaza Mukandala, mwanasayansi wa siasa aliyekuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 2006 hadi 2017, aliitwa na serikali kuongoza kikosi kazi cha demokrasia ya vyama vingi kilichotoa taarifa yake mwaka 2022. Wawili hawa walisimama mahali tofauti, na taifa liliwahitaji wote. Chuo kinachoogopa kuajiri kijana kwa sababu ya maoni yake kinajinyima watu wa aina hiyo.

Wala kijana huyo asidhaniwe kuwa lazima ni mwanamume. Muleba ilimtoa Profesa Anna Tibaijuka, mchumi aliyefundisha Mlimani kabla ya kuongoza UN-Habitat na kurudi kuwa mbunge wa Muleba Kusini. Katika sayansi ya siasa yenyewe, Profesa Ruth Meena alionyesha kwamba siasa isiyomtazama mwanamke ni siasa iliyosomwa nusu. Suala la mwanamke na kibanja cha ukoo, nani anarithi na nani anahama mume akifa, linamngoja mtafiti atakayelinganisha baraza la ardhi la kata huku na vyombo vya usuluhishi vya ngazi ya chini kule Rwanda na Uganda. Pengine wajane watamfungulia binti mambo ambayo kaka yake hatayasikia.

Wana-Kagera nao wasikae wakingoja. KCU, mrithi wa BNCU, na maaskofu wa Kikatoliki na wa Kilutheri, na Halmashauri za Bukoba na Muleba, wana mafaili na mihtasari ya vikao ambayo mchwa na unyevu wa ziwa havitayasubiri. Yapangwe, yawekwe kwenye chumba kikavu, na pawepo mtu mwenye ufunguo na mamlaka ya kumruhusu mtafiti aliyeleta barua yake. Wazee waliokuwa vijana chini ya Bakama wamebaki wachache. Wanafunzi wa shule za sekondari za Ihungo na Rugambwa wapewe kazi ya likizo ya kuwarekodi, kwa Kihaya chao. Na siku tangazo la nafasi litakapotoka, lisiishie mtandaoni kwa Kiingereza. Libandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi za kata, kuanzia Karabagaine hadi Kamachumu, likisema wazi kwamba mwombaji alete sura moja ya kazi yake, na kwamba itasomwa.