Chenga za picha: tusiionee kamera

Nimepotea kidogo, nilikuwa TP. Sasa nimerudi hosteli nakuta kumewaka, rumeti wangu anataka kuachana na kamera yake aliyonunua kwa hela ya boom!

Kisa chenyewe: likizo tulikuwa wote nyumbani Nyanga, tukashuka ziwani usiku kupiga picha taa za wavuvi wa dagaa. Yeye ana mega 24, binamu yake mega 12 ya zamani, sensa za saizi moja (sensa ya kamera jamani, sio ile ya watu ya 2022). Wakafungua picha kwenye kompyuta, wakazivuta hadi asilimia 100. Ya mega 24 chenga tupu. Basi jamaa kakubali wabadilishane, tena aongeze laki moja juu!

Mimi napinga. Ukizivuta zote asilimia 100, ya mega 24 inakuwa imekuzwa zaidi, upana wake kama mara 1.4 ya mwenzake. Hapo unalinganisha nini?

Chukua mvua ya kwetu Bukoba. Weka uani sufuria moja, pembeni vikombe vinne ambavyo midomo yake kwa pamoja inatosha mdomo wa sufuria. Maji kwa jumla ni yale yale, ila kikombe kimoja kimoja vitapishana, matone hayagawanyiki sawasawa. Mwanga nao unadondoka hivyo hivyo, na kule kupishana ndiko chenga. Pikseli iliyopata chembe 100 za mwanga huyumba kama 10, asilimia 10. Ikipata 400 huyumba 20, yaani asilimia 5 tu. Kwa hiyo ukimimina vikombe vinne pamoja, chenga zinapungua nusu. Kupunguza picha ya mega 48 iwe 12 ndiko kumimina huko.

Haki ni hii: uwazi wa lenzi sawa, spidi sawa, upige RAW (kwenye JPEG kamera inazipaka chenga poda, bibi anatoka na ngozi ya plastiki), halafu picha zote zishushwe saizi moja ndipo uangalie. DxOMark, wale wapimaji wa kamera, wana kipimo kinachozishusha zote mega 8.

Najua mtanitajia Sony A7S ya 2014, mega 12, dhidi ya A7R ya 2013 yenye mega 36. Sawa, kwenye giza totoro, ISO za makumi elfu, A7S inaongoza, maana kila pikseli ikisomwa inaongeza uchafu wake kidogo. Lakini kwenye ISO 1600, saizi moja, utakodoa macho bure.

Jana usiku tumeishusha ile ya mega 24 iwe 12. Chenga zikawa sawa na za binamu, na kamba ya mtumbwi kwake inaonekana vizuri zaidi. Jamaa akanyamaza. Binamu anakuja Jumamosi kubadilishana, na mpaka sasa hivi hajampigia.