Ugonjwa wa Ukoo Si Laana

Mtumishi anayepepesuka kazini, anayeangusha chaki na kumkaripia kila mtu, mara moja huitwa mlevi. Pengine ni kweli. Lakini pengine ni mgonjwa, na barua ya onyo haiponyi mtu.

Upo ugonjwa uitwao Huntington, kwa jina la daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1872. Kwa kawaida huanza kati ya umri wa miaka 30 na 50. Viungo hucheza bila hiari, ulimi huwa mzito, hasira huzidi na akili hufifia, hadi kifo baada ya miaka mingi. Nchini mwetu si mgeni: daktari Scrimgeour aliandika juu yake mwaka 1981.

Katika Unyakyusa, ambako Ndandalo imo, wazee waliamini kwamba maradhi yaweza kuletwa na pumzi ya watu, yaani hasira ya majirani dhidi ya mkosaji. Imani hiyo iliwafunza watu kuishi vema na jirani. Lakini haielezi kwa nini baba, kisha binti, kisha mjukuu waugue vilevile.

Sayansi imekwisha kueleza. Mwaka 1993 watafiti, wakisaidiwa na familia za kando ya Ziwa Maracaibo huko Venezuela, waligundua jeni yenye hitilafu inayoleta ugonjwa huu. Mzazi aliye nayo, awe baba au mama, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Asiyeirithi hawarithishi wanawe. Basi jirani hana hatia, wala mke hana hatia.

Dawa ya kuponya bado haijapatikana. Hata hivyo zipo za kutuliza mtikisiko wa viungo na kuondoa huzuni, na chakula laini humpunguzia mgonjwa hatari ya kupaliwa.

Kwa hiyo mwalimu mkuu au mkuu wa idara hana budi kumpeleka mtumishi wa namna hiyo hospitali ya wilaya, Kyela, na ikibidi hospitali ya rufaa, Mbeya, kabla ya kufungua shauri la nidhamu. Huko daktari atauliza: nani mwingine katika ukoo aliugua hivi? Jibu wanalo wazee. Wakilificha kwa kuchelea posa za binti zao, watawanyima vijana haki ya kujua yanayowahusu. Nasi walimu tuhakikishe kwamba mtoto wa mgonjwa hachekwi darasani.