Kadi Mbili za Kompyuta
Kijana amwombaye babake fedha za kadi ya grafiki, ile itengenezayo picha katika kompyuta, kwanza amwambie kweli: ya michezo au ya kazi? GeForce RTX 4060 ya mwaka 2023 huishinda RTX 3060 ya 2021 kwa upesi wa michezo, nayo hula umeme wati 115 badala ya 170. Mwenye kulipa umeme hatalidharau hilo. Lakini kumbukumbu yake ni gigabaiti 8, na ile ya kwanza ina 12. Basi ajifunzaye kutengeneza picha za filamu, apate riziki ya halali, twaona ile ya zamani yamfaa zaidi, maana kumbukumbu ikijaa kazi huzorota. Ila dukani atazame sana: imeuzwa na nyingine ya jina hilo hilo yenye 8.