SAFARI NA MAARIFA: Mji Husomwa kwa Miguu

Mkulima wa Chuka au karani wa Embu aendapo Dar es Salaam kwa shughuli zake, mara nyingi hurudi akiwa amejua mambo mawili tu, nayo ni bei ya nguo na ukali wa joto. Jamaa zake wakimuuliza mji ule ukoje, hujibu kwamba ni mkubwa na una watu wengi. Jibu hilo si uongo, lakini hata asiyesafiri angaliweza kulitoa. Nauli ya kupita Nairobi, Namanga na Arusha hata kufika pwani ni kubwa mno kwa habari chache kama hizo.

Mji wa kigeni hausomwi kwa dirisha la basi. Husomwa kwa miguu, kwa kutazama vilivyochongwa na kuchorwa njiani, na kwa kusikiliza muziki wa wenyeji. Na kwa mtu wa Meru au Embu, Dar es Salaam ina habari inayoihusu nyumba yake mwenyewe.

Yafaa aanzie katikati ya mji, katika Barabara ya Samora, iliposimama sanamu ya askari tangu mwaka 1927. Ni askari wa shaba nyeusi, na bunduki yake imeelekea bandarini. Iliwekwa kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika vita vya 1914 hata 1918. Nairobi pia, katika Barabara ya Kenyatta, ziko sanamu za vita hivyo, na miongoni mwa watu wake watatu yumo mpagazi, ambaye hakupewa bunduki bali mzigo.

Kutoka hapo msafiri na aende sokoni Kariakoo. Soko kuu lililochorwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua moto Julai 2021, na habari zake zajulikana na wengi. Wengi hawajui jina lilikotoka. Waingereza walipouteka mji mwezi wa Septemba 1916, mahali pale paliwekwa kambi ya jeshi la wapagazi, lililoitwa Carrier Corps. Ndimi za watu zikaligeuza jina hilo likawa Kariakoo, na huko Nairobi likawa Kariokor.

Wapagazi hao hawakuwa watu wa pwani peke yao. Katika andikisho kubwa la mwaka 1917, vijana walichukuliwa kutoka wilaya nyingi za Kenya, na Meru na Embu zilikuwamo. Walizoea baridi ya Mlima Kenya, nao wakapelekwa nchi za joto, wakibeba risasi na chakula cha askari, huku wao wenyewe wakila unga usioiva vizuri. Waliouawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Wakenya waliokufa katika kazi hiyo wanakadiriwa kuwa 40,000 au zaidi, na walio wengi hawana kaburi lenye jina. Basi mtu wa Runyenjes anunuapo shati Kariakoo, huenda amesimama mahali alipolala ndugu wa babu yake kabla ya kupelekwa vitani.

Baada ya soko, na atazame picha. Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora ndege na wanyama juu ya mbao kwa rangi za kupakia baiskeli, akiziuza nje, chini ya mbuyu, huko Oyster Bay. Hakuwa amesoma shule ya uchoraji. Alipigwa risasi na polisi kwa makosa mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendelea, na leo picha za namna ile huitwa kwa jina lake ulimwenguni kote.

Jioni ni zamu ya masikio. Dar es Salaam ilikuwa na bendi za dansi tangu miaka ya 1930, na siku hizi vijana wa Tandale na Manzese wamezusha muziki wa singeli, wenye mwendo wa kasi sana. Asiyeupenda asiharakishe kuulaumu. Muziki wa nchi ile umekwisha kuvuka mpaka mara nyingi. Mwaka 1971 ndugu Wilson na George Kinyonga, wenyeji wa Tanga, waliunda bendi ya Simba Wanyika huko Mombasa, na nyimbo zao za Kiswahili zikapendwa Kenya nzima.

Liko jambo moja la kufanya kabla ya safari. Wapagazi wa 1917 wamekwisha kufa wote, na wajukuu wao sasa ni wazee. Msafiri na awaulize wazee wa mbari yake ni nani aliyekwenda Kariakoo asirudi, kisha aliandike jina hilo kwenye daftari. Akifika sokoni, asimame kidogo na alisome.

Tembea uone, wasema wahenga. Lakini atembeaye bila kuuliza hupita juu ya nyayo za jamaa zake asizitambue.