Kabla Hujachukua Ufunguo wa Chumba Chako



Leo nasema na wewe kijana ambaye muhula ujao hutakuwa hosteli tena. Mwaka wa kwanza ulipata kitanda ndani ya chuo. Sasa vitanda vimepewa wale wapya, nawe unazunguka Nyamage, Jogoo, Mwembe na Nyanchwa ukiuliza kama kuna chumba. Nasema pia na mzazi wako. Na wachungaji wenzangu, tusiondoke, kwa sababu neno hili linatuhusu sisi kwanza.

Nianze na kosa langu. Miaka michache iliyopita tulimwombea binti wa kanisa letu, mtoto wa wakulima wa chai upande wa Nyamira, siku alipopata barua ya chuo. Tulichanga pesa, tukamnunulia sanduku na godoro, tukamwekea mikono madhabahuni. Mwaka wa pili alipotoka hosteli hatukuchanga chochote. Hata swali hatukumuuliza. Baadaye nikasikia anaishi na kijana mmoja. Nikamwita ofisini nikiwa na maandiko yangu tayari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Pasta, sikuhama kwa sababu ya mapenzi. Nilihama kwa sababu ya gesi. Yeye alikuwa na mtungi, mimi nilikuwa nimelala njaa siku tatu."

Niliishiwa na maneno. Nilikuwa nimemwombea aende chuo, lakini sikuwahi kumuuliza analala wapi.

Tangu siku hiyo nina msimamo huu, na nausema bila kuogopa: kuhama hosteli ni safari ya pili, na inahitaji maandalizi kuliko ile ya kwanza. Siku ya kwanza chuo kilikupokea. Safari hii anayekupokea ni ufunguo peke yake.

Sisi Abagusii jambo hili tunalijua. Kijana akishatahiriwa alijengewa esaiga yake. Alikuwa na mlango wake na usiku wake. Lakini esaiga ilikuwa ndani ya boma. Akichelewa kurudi, kuna mtu alijua. Asipoonekana asubuhi, mama alimtuma mtoto akabishe. Chumba cha kukodi ni esaiga isiyo na boma. Unaweza kuugua Jumatatu, na mpaka Alhamisi hakuna aliyebisha.

Kwa hiyo kabla hujatafuta sufuria, jitafutie boma. Nataka uwe na watu watatu. Wa kwanza ni jirani wa mlango wa pili: jua jina lake siku ile ile unayohamia, na umpe lako. Wa pili ni mtu wa ushirika wa wanafunzi au wa kanisa la karibu, ambaye usipoonekana Jumapili atapiga simu. Wa tatu ni mtu wa nyumbani aliye na namba ya msimamizi wa ploti na anayejua nyumba yenyewe, jina lake na mlango wako. Kama mama yako anajua tu kwamba "uko Kisii," hajui uliko.

Sasa tuje kwa vitu. Soma 2 Wafalme 4. Mwanamke wa Shunemu alipomwandalia Elisha chumba, aliweka vitu vinne: kitanda, meza, kiti na taa. Alikuwa mwanamke tajiri, angeweza kuweka zaidi. Lakini mtu wa Mungu alihitaji mahali pa kulala, mahali pa kufanyia kazi, na mwanga. Nawe anzia hapo. Godoro, meza ndogo na kiti, taa. Ongeza mtungi wa gesi wa kilo 6, sufuria mbili, ndoo mbili za maji na kufuli yako mwenyewe. Televisheni na spika kubwa vitangoja. Nimeona vijana wana spika inayotikisa ploti nzima na hawana meza ya kuandikia.

Halafu keti chini uhesabu. Yesu mwenyewe katika Luka 14:28 anauliza ni nani anayejenga mnara bila kuketi kwanza na kupiga hesabu ya gharama. Tuseme chumba ni shilingi 4,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka amana ya mwezi mmoja. Muhula wa miezi minne ni 16,000, na ukiongeza amana ni 20,000. Hapo hujanunua unga, tokeni za stima wala maji. Mzazi, wewe unayetegemea bonasi ya chai, unajua bonasi huja mara moja kwa mwaka, lakini kodi huja kila mwezi. Mkopo wa HELB nao una siku zake, na mwenye nyumba hazijui. Pesa ikiingia, lipa kodi ya muhula mzima kama inawezekana, kabla mkono haujazoea kuigusa. Kisha mpe mtoto chakula. Ndizi, maharagwe, unga na managu kutoka shambani ni kodi pia, kwa sababu vinaokoa pesa ya kodi.

Nenda ukakione chumba kwa macho yako. Usitume pesa kwa simu kwa nyumba ambayo hujaiingia, hata kama picha ni nzuri na anayekupigia anasema watu wengine wanaitaka. Nenda baada ya mvua ya alasiri. Kwetu mvua haifichi kitu: utaona paa linalovuja, ukuta wenye ukungu, na njia utakayopita usiku ukitoka maktaba. Uliza maji huja siku gani. Uliza mita ya stima ni yako peke yako au mnagawana. Uliza notisi ya kuhama ni ya muda gani, na amana hurudishwa lini. Andikiana na mwenye nyumba, hata ukurasa mmoja, na uchukue risiti. Ibrahimu alipotaka shamba la Makpela (Mwanzo 23) alipewa bure, akakataa, akapima fedha mbele ya mashahidi. Baba wa imani alitaka mashahidi. Wewe ni nani usitake risiti?

Na hili nakusihi kama baba. Usiku wetu huku milimani ni baridi. Usiwashe jiko la makaa ndani ya chumba ukafunga mlango na dirisha. Makaa hutoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Utahisi kichwa kinauma na usingizi unakuja, na usingizi huo unaweza kuwa wa mwisho. Hata makaa yaliyobaki mekundu bila moshi bado yanaitoa. Usiseme "nimeomba ulinzi" halafu ukaziba dirisha. Shetani alipomwambia Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu, Yesu alikataa kumjaribu Mungu. Nunua blanketi la pili. Likikushinda, njoo kanisani utuambie. Blanketi ni bei ndogo kuliko jeneza.

Sasa nirudi kwa mambo ya njoo-tukae, kwa sababu najua wengi mlikuwa mnangoja Pasta afike hapo. Neno la Mungu halijabadilika: kitanda cha ndoa ni cha ndoa. Sitalipunguza ili nipendwe. Lakini nimekuwa nikihubiri kana kwamba kila binti na kila kijana anayeanguka alikwenda akitafuta dhambi. Wengine walikwenda wakitafuta chakula, na dhambi ikawa ndiyo kodi. Binti yangu, ukipungukiwa, kuna mlango utafunguliwa haraka sana, na hakuna atakayekudai shilingi. Huo ndio wa kuogopa. Kijana wangu, ukiwa na gesi na jirani yako wa kike hana, mpe chakula mlangoni na umwache aende kwake salama. Kama kodi ni nzito, tafuta mwenzako wa jinsia yako, mwenye tabia unazozijua, mgawane. Danieli alipokuwa Babeli na amri ya kuuawa imetoka, alikwenda nyumbani kwake akawaeleza rafiki zake watatu, wakaomba pamoja (Danieli 2). Shule ya kigeni, mji wa kigeni, lakini hakubaki peke yake.

Siku ya kuhamia, kabla hujatandika kitanda, funga mlango upige magoti. Katika Mathayo 6:6 Yesu anatuelekeza tuingie chumbani, tufunge mlango, tuombe kwa Baba aonaye sirini. Kwa mara ya kwanza maishani una mlango ambao hakuna mtu mwingine anaufungua. Utakachozoea kufanya nyuma ya mlango huo wiki ya kwanza, ndicho kitakachokuwa maisha yako ya mwaka mzima. Kumbuka, katika chumba kile kile cha Shunemu, Elisha alifunga mlango akaomba na mtoto aliyekufa akafufuka. Chumba kidogo, vitu vinne, na muujiza.

Lakini nani alikiandaa chumba kile? Elisha hakujiandalia. Kuna mama aliyemwona akipita kila mara, akamwambia mumewe, tumwandalie mahali. Kanisa, hawa watoto wanapita mbele yetu kila Jumapili. Mama mwenye ploti Nyamage, una chumba kimoja unachoweza kumpunguzia yatima wa kanisa lako? Mzee, mtungi ule uliokaa stoo, unangoja nini? Wachungaji, muhula ukifunguliwa tusiishie kuwaombea. Tuwatembelee, tubishe, tuone kama kuna unga.

Yule binti yuko salama leo. Akina mama wa kanisa walimtafutia chumba na mwenzake wa kike, na mtungi ulipatikana kwa siku mbili. Siku mbili tu! Siku hizo mbili bado zinanihukumu, kwa sababu zingeweza kuja kabla ya zile tatu za njaa.

Tuombe: Baba, wabariki wanao wanaochukua funguo muhula huu. Wape boma pale ambapo hakuna boma. Walinde na moto, na sumu, na njaa, na mkono unaotoa ili udai. Utuamshe sisi tuliolala tukidhani kuomba kunatosha. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama unamjua mwanafunzi anayehama hosteli, usimtumie tu neno hili. Mpigie, umuulize: unalala wapi, na umekula?