Nta Huziba Jeraha, Haizibi Haki

Kumtengeneza marehemu uso ni huduma ya heshima. Kule Marekani wanaoandaa maiti husomea kazi hiyo. Hufundishwa kuugawa uso sehemu tatu zinazokaribia kulingana: kutoka penye nywele hadi nyusi, nyusi hadi chini ya pua, na pua hadi kidevu. Kisha kwa nta na rangi huziba jeraha, wakiitazama picha ya enzi za uhai wake. Hiyo ni huruma. Hata Nikodemo alileta manemane na udi kwa ajili ya mwili wa Yesu.

Lakini mwaka 1955, Mamie Till, mama Mkristo wa Chicago, alikataa uso wa mwanawe ufichwe. Emmett, kijana Mweusi wa miaka 14, aliuawa na Wazungu huko Mississippi. Mama akaagiza jeneza liwe wazi kanisani, watu waone alivyotendwa. Maelfu walipita wakaona, na wengi wakasimama kudai haki.

Na sisi je? Mke anauawa kwa kipigo cha mumewe. Tunampaka poda, tunamvika shela, halafu ibadani tunatangaza kwamba aliugua ghafla. Tena tunamsingizia Mungu kwamba ni mapenzi yake!

Mpambe mpendwa wako kwa upendo, lakini chanzo cha kifo kisipakwe rangi. Yesu alipofufuka hakuficha alama za misumari; alimwonyesha Tomaso. Nawe unayejua ukweli, useme kabla kaburi halijafukiwa.