Jina la Lang'at limekosea wapi?

Kama unaitwa Lang'at, Ng'etich au Ng'ang'a, unajua ninachozungumzia. Unajaza fomu mtandaoni, unabonyeza, halafu unaambiwa jina lako lina alama isiyoruhusiwa. Basi unaondoa ritifaa, unakuwa Langat. Siku ya kulinganisha na kitambulisho majina hayafanani, unaambiwa urudi kesho. Kosa ni lako?

Kosa ni letu sisi tunaounda programu. Hapa Eldoret tuko wengi, na mimi ni mmojawapo. Chuo niliacha mwaka wa pili, mengine nimejifunza YouTube na kwa kuumia.

Sikia nilivyoumia. Kikundi fulani cha wafugaji kiliniomba mfumo wa kuwatumia wanachama SMS za malipo ya maziwa. Ujumbe wangu ulikuwa na herufi 138, nafasi zikiwemo. SMS moja hubeba 160, kwa hivyo nikapiga hesabu ya SMS moja kwa kila mtu. Bili ikaja, kila mtu amehesabiwa tatu! Nilidhani tumeibiwa. Kumbe maneno niliyaandika kwenye Word, nayo Word ikageuza ritifaa ya "ng'ombe" kuwa ile iliyopinda. Iliyopinda haimo katika orodha ya kawaida ya herufi za SMS. Ikiingia moja tu, ujumbe mzima unahamishiwa orodha nyingine ambapo SMS hubeba herufi 70, na ukirefuka zaidi, kila kipande ni 67. Gawa 138 kwa 67 uone. Mweka hazina aliniuliza, "Kijana wangu, hako kaalama ndiko kamekula pesa zetu?" Tofauti nililipa mimi.

Kompyuta haijui herufi, inajua namba. ASCII ya mwaka 1963 ilikuwa na nafasi 128, Kiingereza kikatosha humo. Wengine wakajitungia orodha zao, kila mtu na yake, hadi Unicode ilipotoka 1991 na kuipa kila herufi namba moja. Ile ũ ya Kikuyu na Kikamba, kwa mfano, ni namba 361. UTF-8 ni njia ya kuhifadhi namba hizo kwa baiti moja hadi nne. Ritifaa iliyopinda huchukua tatu, na programu ikizisoma kwa orodha ya zamani ya Windows, Lang'at anageuka Lang’at. Hiyo si virusi, buda.

Kinachonikera ni jibu la wenzangu: "Si mteja aondoe tu hiyo alama?" Aondoe kwa nini? Ng'oa na ngoa ni maneno mawili, muulize mwalimu wako wa Kiswahili. Na jina la mtu si pambo, ndilo linalompa mkopo, kazi au matibabu.

Dawa yenyewe haina gharama. Databesi, faili na ukurasa wote viwe UTF-8. Ukitumia MySQL chagua utf8mb4, kwa sababu ile iitwayo utf8 huishia baiti tatu, na emoji hukwama hapo. SMS nazo, mfumo ugeuze ritifaa iliyopinda kuwa iliyonyooka kabla ya kutuma.

Kisha ujaribu kwa majina yetu, achana na John Doe. Mimi siku hizi mteja wangu wa kwanza wa majaribio ni Ngũgĩ wa Thiong'o, maana jina lake lina mitego yote mitatu. Wiki jana mfumo wangu mpya ulimwandika Ng?g?. Nilikesha.